Moto nzito ni ile inayobeba: namna ya kusoma na kuchagua pine mpya



Wengi wetu tukishapata lisansi, chombo cha kwanza tunachonunua si gari wala kompyuta ya bei kali. Ni moto. Mmoja anaifanyia taksi akingojea kazi, mwingine anaipanda kufuata wakulima milimani, na hata asiyekuwa na moto yake anakaa kila asubuhi nyuma ya motari asiyemjua jina. Kwa hiyo leo naomba ruhusa niache mihogo na mbolea pembeni kidogo, niongee juu ya pine. Wala sitoki mbali na shamba langu: mpira ulianza kama zao la miti, na pine njo mahali mashine inakutana na udongo.

Neno langu ni moja: kabla hujauliza bei, soma ubavu wa pine. Hapa kwetu tunanunua pine kwa macho. Tunaangalia kama inang'aa, tunabonyeza kwa kidole, tunauliza "iko ya Kihindi ao ya Kichina?", halafu tunaanza kupunguza bei. Lakini mambo karibu yote unayohitaji kujua yameandikwa juu ya ile pine yenyewe, na mtu aliyemaliza université hana sababu ya kushindwa kuyasoma.

1. Moto nzito ni ipi?

Ukisema "moto nzito", vijana wanafikiri zile za Marekani, Harley-Davidson za safari ndefu, zenye kiti kipana sawa vile kiti cha saluni. Ni kweli ni nzito: peke yake, bila mtu, inapita kilo 350. Pine ya nyuma inayovaliwa na nyingi kati ya hizo imeandikwa 180/65B16 81H. Hiyo 81 ni namba ya uzito. Kwenye orodha ya kimataifa, 81 maana yake kilo 462. Ni kusema wale walioitengeneza walipima kwanza mzigo, kisha wakachagua pine ya kuubeba.

Sasa angalia moto zetu, za 125 au 150. Ikiwa na essence inakuwa na kilo 115 hivi. Ni nyepesi, mtu mmoja anaweza kuiinua ikianguka. Lakini tuipakize namna tunavyoipakiza kila siku, halafu tuhesabu uzito unaokaa juu ya gurudumu la nyuma peke yake.

Moto tupu, nusu ya uzito wake iko nyuma: kilo 58. Motari wa kilo 65, karibu theluthi mbili zake zinaenda nyuma: kilo 43. Magunia mawili ya mahindi ya kilo 50, yamefungwa juu kabisa ya gurudumu la nyuma: kilo 100. Jumla ni kilo 201. Ni makadirio, lakini hayako mbali na ukweli.

Pine ya 3.00-18 ya kawaida, ile ya tabaka 4, mara nyingi imeandikwa 47P. Namba 47 ni kilo 175. Umekwisha kuipita kwa kilo 26, na bado hujaingia hata kwenye shimo moja la njia. Pine ya kipimo kile kile, 3.00-18, lakini iliyoandikwa 52P, inabeba kilo 200. Hapo uko kwenye mpaka. Ukiongeza mtoto na jerikani ya mafuta, hata hiyo haitoshi.

Ile ya Marekani imepewa pine ya kilo 462 na mara nyingi inabeba mtu mmoja na mkoba wake. Ya kwetu imepewa pine ya kilo 175 na inabeba nyumba nzima. Moto nzito iko hapa kwetu, bandugu. Njo maana kuchagua pine si jambo la mafundi peke yao.

2. Namba za ubavuni, moja baada ya nyingine

Chukua pine mkononi, uizungushe polepole. Utakuta maandishi kama haya: 3.00-18 52P 6PR TT. Tuyavunje.

3.00 ni upana kwa inchi, karibu milimita 76. 18 ni kimo cha janti, kwa inchi pia. Moto nyingi za hapa zinavaa 2.75 mbele na 3.00 nyuma, kwenye janti ya 17 au 18. Namba ya janti haina mjadala: pine ya 17 haiingii kwenye 18, na fundi atakayekuambia "tutailazimisha" umwache na nyundo yake. Wakati mwingine kipimo kimeandikwa kwa namna nyingine, tuseme 90/90-18. Hapo 90 ya kwanza ni upana kwa milimita, 90 ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 90 ya upana, ndiyo kusema milimita 81.

Kale kamstari katikati ya 3.00 na 18 pia kana maana. Kanasema nyuzi za ndani zimepangwa kwa kupishana mshazari. Ungekuta R, nyuzi zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. B, kama kwenye ile ya Marekani, ni mshazari wenye mkanda wa kuimarisha chini ya meno. Moto zetu karibu zote ni za kamstari. Usichanganye aina mbili, R upande mmoja na kamstari upande mwingine, kama kitabu cha moto hakikuruhusu, kwa sababu zinajipinda tofauti kwenye kona.

52 ni namba ya uzito, tumekwisha kuiona. Shika hizi chache kichwani: 42 ni kilo 150, 45 ni 165, 47 ni 175, 50 ni 190, 52 ni 200, 57 ni 230. Lakini jihadhari: uzito huo pine inaubeba ikiwa imetiwa upepo wa kutosha. Pine nyingine zinaandika wazi kabisa uzito wa mwisho na upepo wake.

P ni herufi ya mwendo: kilomita 150 kwa saa. J ni 100, L ni 120. Motari wengi wanapenda kuuliza hii, lakini moto ya 125 yenye magunia haifiki huko. Kwetu sisi namba ni ya lazima zaidi kuliko herufi. Pine yenye herufi ya mbio na namba ndogo ni sawa vile kumpa mkimbiaji kazi ya mbeba mizigo.

6PR ni kipimo cha nguvu za tabaka. Zamani ilikuwa idadi ya kweli ya tabaka za nyuzi za pamba. Leo nyuzi ni za nailoni, zina nguvu zaidi, kwa hiyo 6PR haimaanishi ukikata utahesabu tabaka sita. Inamaanisha ina nguvu ya tabaka sita za wakati ule. Kwa taksi na mizigo, tafuta 6PR nyuma. 4PR inatosha kwa mwalimu anayeenda peke yake kwenye masomo.

TT maana yake pine inahitaji mpira wa ndani. TL maana yake inaweza kukaa bila mpira wa ndani, kwenye janti iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Janti zenye vyuma vyembamba kama za baiskeli zinapitisha upepo kwenye matundu ya vile vyuma, kwa hiyo kwa moto zetu zinataka mpira wa ndani. Pine ya TT bila mpira wa ndani, usijaribu hata siku moja.

Mwisho, tafuta mshale. Unaonyesha upande pine inapozungukia. Nimeona pine nyingi zimevalishwa kinyume, na mwenye moto anashangaa kwa nini potopoto haitoki kwenye meno.

3. Pine ina tarehe kama mbegu

Sisi wa kilimo tunajua hili vizuri. Mkulima akikuletea mfuko wa mbegu, swali la kwanza si rangi ya mfuko. Ni mwaka. Mbegu ya mwaka juzi iliyokaa juani inaweza kung'aa na isiote. Pine ni vile vile.

Tafuta kaduara kadogo kenye tarakimu nne, mara nyingi karibu na herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Usikate tamaa usipoiona haraka: mara nyingi iko upande mmoja tu, kwa hiyo geuza pine.

Siku moja, kwenye butiki moja hapa Butembo, nilimuuliza mwenye duka:

"Papa, hii pine iko ya mwaka gani?"

"Iko mupya, mwana wangu. Ona vile inang'aa."

"Ndiyo, papa. Lakini mwaka?"

"Kitu mupya hakina mwaka."

Tukaigeuza pamoja. Ilikuwa imeandikwa 0817: juma la 8 la mwaka 2017. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 7 toka kiwandani, na imeninginia mbele ya duka, kwenye jua na vumbi. Yule papa hakuwa mwizi. Alinyamaza, akaipangusa kwa kiganja, akasema: "Miaka kumi nauza pine, hakuna mtu aliniuliza hii namba."

Neno lile lilinigusa. Kama hakuna anayeuliza, kwa nini muuzaji ajali? Na wale wanaoleta mizigo kupitia Kasindi, kwa nini wahangaike kuchagua zilizo mpya, kama ya 2017 na ya mwaka huu zinauzwa bei moja?

Shida ya pine iliyozeeka ni hii. Mpira unaliwa na hewa, na jua, na joto. Yale mafuta yanayoufanya ulainike yanatoka polepole, mpira unakuwa mgumu, halafu vipasuko vidogo vinaanza ubavuni, sawa vile udongo wa kiangazi. Pine ngumu inaweza kuwa na meno yote na bado ikateleza kwenye gudroni yenye maji, juu haishiki tena. Watengenezaji wengi wanashauri pine ikaguliwe kila mwaka ikishapita miaka 5 ya matumizi, na isivuke miaka 10 toka siku ya kutengenezwa, hata kama inaonekana nzuri. Mimi, kwa jua letu na mizigo yetu, nikikuta ya dukani imepita miaka 5 toka kiwandani naiacha. Na kama imepakwa dawa ya kung'arisha, naikunja kidogo kwa mikono nione kama kuna nyufa chini ya ule ung'aavu.

4. Meno na udongo

Hapa njo mahali somo langu linanisaidia. Udongo wetu mwekundu wa milimani una mfinyanzi mwingi. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002. Zinakamata maji, zinateleza moja juu ya nyingine, na mvua ikinyesha njia inakuwa sabuni. Kisha zinanata. Zinaingia kati ya meno ya pine, zinajaza mifereji yote, na baada ya mita hamsini huna tena pine yenye meno: una gurudumu la udongo linaloteleza juu ya udongo mwingine.

Kwa njia kama hizo unahitaji meno makubwa, yaliyoachana. Nafasi pana kati ya jino na jino inaruhusu matope yarushwe nje gurudumu linapozunguka. Lakini meno yale yale kwenye gudroni ni shida: sehemu inayogusa chini ni ndogo, jino refu linapinda ukifunga freni, na linaisha haraka.

Kwenye gudroni na njia ya vumbi ngumu unahitaji kinyume: meno mapana, yaliyokaribiana, yenye mifereji ya kupitisha maji. Maji yasipopata njia ya kutoka chini ya pine, pine inapanda juu yake.

Kwenye mawe makali, kwa mfano ndugu zetu wa Goma wanaopita juu ya mawe yaliyoachwa na Nyiragongo mwaka 2002, jambo la kwanza si meno. Ni unene na nguvu za tabaka, juu jiwe linakata.

Wengi wetu tunapita kote: asubuhi gudroni ya mjini, saa nne njia ya udongo, saa kumi mvua. Kwa maisha hayo chagua ya katikati: iliyo na msitari mzima ao meno yaliyoshikana katikati, na meno yaliyoachana pembeni. Ukienda moja kwa moja kwenye gudroni unatumia katikati. Ukizama kwenye matope, pembeni zinashika. Jiulize tu kwa ukweli: kwa juma zima, kilomita ngapi ni gudroni na ngapi ni udongo? Usinunue pine ya matope kwa ajili ya safari moja ya mwezi, wala ya gudroni kama shamba lako liko juu ya mlima.

5. Usiidharau ya mbele

Kuna desturi mbaya hapa kwetu: pesa zote zinaenda kwenye pine ya nyuma, na ya mbele inangojea mpaka nyuzi zionekane. Wengine hata wanaitoa ya nyuma iliyoisha na kuipeleka mbele "imalizie huko".

Angalia linalotokea ukifunga freni. Wewe, abiria na mzigo, wote mnasukumwa mbele. Uzito unahamia gurudumu la mbele, na hilo njo linalofanya kazi kubwa ya kusimamisha moto. Nyuma ikiteleza kidogo, motari mzoefu anaweza kuirudisha. Mbele ikiteleza, mko chini kabla hajasema neno. Njo maana pine nyingi za mbele zina mifereji mirefu inayozunguka: zimetengenezwa kushika mwelekeo. Za nyuma zina meno ya kusukuma. Kila moja ina kazi yake.

Kujua kama pine imeisha, usingojee ipasuke. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Ubavuni mara nyingi kuna alama ya pembetatu ao herufi TWI inayokuonyesha vilipo. Meno yakishuka mpaka kuwa sawa na hivyo vinundu, kazi imekwisha. Uingereza, sheria inadai angalau milimita 1 ya meno kwenye pikipiki. Hapa hakuna polisi atakayepima. Pima mwenyewe.

Na wale wanaochonga mifereji upya kwa kisu cha moto? Hawaongezi mpira, wanaupunguza. Mfereji mpya unakaribia nyuzi, na siku ya joto na mzigo, pine inapasukia hapo hapo.

6. Upepo ni nusu ya pine

Unaweza kununua 52P ya mwaka huu na kuiua kwa miezi mitatu kama huitii upepo. Kinachobeba mzigo si mpira. Ni hewa iliyofungiwa ndani. Ikipungua, ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, unapata joto, nyuzi zinaachana na mpira. Pine nyingi zinazopasuka na mzigo zilianza kufa juma zima mbele ya hapo, kwa upepo mdogo.

Ukizidisha nako, sehemu inayogusa chini inakuwa ndogo, moto inarukaruka kwenye mawe, na katikati ya pine inaisha mbele ya pembeni. Pine yako ya zamani inaweza kukusomea tabia yako: ikiisha katikati, upepo ulikuwa mwingi, ikiisha pande zote mbili, ulikuwa mdogo, ikiisha upande mmoja, gurudumu halikupangwa sawa.

Kidole si kipimo. Nunua manometa ndogo, au umwombe kwado atumie ya kwake mbele ya macho yako. Upepo uliokubaliwa umeandikwa kwenye kitabu cha moto au kwenye kibandiko karibu na sheni, na kwa nyuma mara nyingi kuna vipimo viwili: peke yako, na ukibeba. Sisi tunabeba kila siku, kwa hiyo fuata cha pili, bila kupita kile kilichoandikwa ubavuni mwa pine. Ukikuta vipimo vya aina mbalimbali, kumbuka: bar 2 ni kPa 200, na ni psi 29.

Pima asubuhi, pine ikiwa baridi. Kila nyuzi 10 za joto zinaongeza kama bar 0.1. Anayetoka Butembo kwenye baridi na kushuka mpaka joto la Kasindi atakuta upepo umepanda. Asiutoe, utashuka wenyewe. Na wale wanaopunguza upepo ili kupita kwenye matope, sawa, inasaidia. Lakini mkirudi kwenye gudroni, murudishe.

7. Bei rahisi, bei kali

Najua swali linalokuja: "Ndugu, pesa iko wapi?" Tuhesabu pamoja. Hizi ni namba za mfano tu, weka bei za mji wako. Tuseme pine ya kwanza ni dola 20 na inafika kilomita 8,000. Ya pili ni dola 30 na inafika 15,000. Gawa: ya kwanza inakula dola 2.5 kila kilomita 1,000; ya pili inakula dola 2. Ya bei kali njo rahisi. Na bado hatujahesabu siku za kusimama, kwado, na mteja aliyeshuka katikati ya njia akapanda ya mwingine.

Andika kwenye daftari kilomita za siku uliyoivalisha. Tunafundishwa kufuata hesabu za shamba kwa kila hekta. Hesabu ya kila kilomita 1,000 ni hiyo hiyo.

Lakini jambo moja nisilifiche: pine yenye nguvu haiongezi nguvu za fremu, wala za freni, wala za janti. 52P si ruhusa ya kubeba watu watatu. Na pine pana zaidi si dawa, kwa sababu inaweza kusugua sheni na kukaa vibaya kwenye janti nyembamba. Ikiwa hesabu yako inapita kilo 200 kila siku, jibu si pine. Jibu ni kufanya safari mbili.

8. Siku ya kuvalisha

Kaa pale, usiende kunywa chai. Mpira wa ndani ubadilishwe pamoja na pine. Ule wa zamani umekwisha kutanuka, utajikunja ndani ya pine mpya na kujitoboa. Ule mkanda unaofunika vichwa vya vyuma vya janti uwe mzima. Mpira wa ndani utiwe upepo kidogo kabla ya kuingizwa, usije ukabanwa na chuma. Kama pine ina kadoa ka rangi, kakae mbele ya mdomo wa upepo: kwa kawaida hapo njo pepesi. Ule msitari mwembamba karibu na janti uwe na umbali mmoja kuzunguka pande zote. Mwisho, angalia ekseli imekazwa, sheni ina ulegevu wake, freni inashika na kuachia.

Kilomita 150 za kwanza, uende polepole, usilale kwenye kona. Pine mpya inatoka kiwandani na uso unaoteleza, mpaka usuguliwe na barabara.

9. Kwa nini nimeandika haya yote

Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alitengeneza pine ya upepo ya baiskeli. Dunia yote ikautaka mpira. Wakati ule nchi yetu ilikuwa mikononi mwa Léopold II, toka 1885 mpaka 1908, na mpira ulitoka msituni, kwenye mitambaazi ya Landolphia. Mnajua walivyoupata: wanawake wakashikwa mateka mpaka waume walete kipimo, mikono ikakatwa, vijiji vikachomwa. Magurudumu ya Ulaya yalizunguka juu ya migongo ya mababu zetu. Baadaye mashamba ya Hevea ya Asia yakachukua soko, na leo pine zinatujia toka huko huko Asia, kwa kamio, na tunazinunua bila hata kuzisoma.

Sisemi haya ili tulie. Nasema nchi iliyolipa namna ile kwa ajili ya pine haipaswi kuendelea kulipa kwa watoto wake kwa sababu ya pine iliyoisha meno. Sheria ya kukagua moto ikiwa dhaifu, kinachobaki ni mnunuzi anayejua kusoma.

Kwa hiyo ukienda kununua, fuata mpangilio huu. Hesabu kwanza uzito unaobeba. Shika kipimo cha janti. Soma namba ya uzito, halafu PR, halafu TT, halafu tarakimu nne za tarehe. Angalia meno kulingana na udongo wako. Bei iwe ya mwisho. Na muuzaji akikuambia kitu kipya hakina mwaka, usigombane naye. Igeuze pine mbele yake, umwonyeshe. Tukiuliza watu kumi kwa duka moja, safari ijayo ataangalia mwenyewe kabla ya kulipa mzigo.

Na ile ya zamani, ukishaivua, usimpe mdogo wako aimalizie. Mpelekee mtengeneza chukudu, avike magurudumu yake ya mti. Huko bado ina kazi.